Lango Lifungwapo Saa Moja na Nusu



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, tunapokutana katika komite za wazazi, neno moja hurudi kama kiitikio: watoto wa siku hizi hawataki shule. Wanachelewa, wanakosa siku, wanatoka nyumbani na makaye mkononi lakini darasani hawafiki. Na kila mara dawa inayotolewa ni ileile: tukaze nidhamu, tufunge lango saa moja na nusu kamili, na aliyebaki nje arudi kwao. Wazazi hupiga makofi, katibu huandika, mkutano hufungwa kwa sala. Mwezi mmoja baadaye, hesabu ya wasiokuwapo darasani ni ileile, au imeongezeka.

Tunaandika haya kuipinga dawa hiyo. Uchelewaji si jambo dogo, na wanaotufahamu wanajua kwamba hatukulelewa katika uvivu. Twaipinga kwa sababu haiponyi. Tena twasema zaidi: katika shule zetu nyingi za sekondari hapa Lubumbashi, na hasa katika shule za mkataba za kikatoliki ambazo sisi walei tunaziita zetu, sehemu kubwa ya watoto wanaokosa masomo hawakuyakimbia. Wamefukuzwa. Tunawafukuza sisi, kisha tunashangaa kwa nini hawapo.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Chukueni mwanafunzi anayechelewa dakika 10, mara mbili kwa juma. Akiruhusiwa kuingia, anapoteza dakika 20 za masomo katika juma hilo. Lango likifungwa na yeye akarudishwa kwao, anapoteza siku mbili nzima. Siku yenye masomo sita ya dakika 50 ni dakika 300. Siku mbili ni dakika 600, yaani saa 10. Baada ya majuma kumi, aliyeruhusiwa kuingia amepoteza saa tatu na dakika 20. Aliyefungiwa amepoteza saa 100. Ni nani basi aliyemharibia masomo mtoto huyu? Ni zile dakika zake kumi, au ni adhabu yetu? Tumekuta jeraha la kidole, nasi tumekata mkono, kisha tukaandika katika kitabu cha mahudhurio kwamba mkono haupo.

Na tazameni kitabu hicho cha mahudhurio. Mwalimu anaita majina, mtoto haitikii, mwalimu anaandika kwamba hayupo. Lakini mtoto yuko. Yuko nyuma ya ukuta, hatua ishirini kutoka kitini pake, amevaa shati jeupe na nguo ya bluu, anasikia wenzake wakiimba wimbo wa taifa bendera ikipandishwa. Kitabu chetu hakisemi kweli, na juu ya kitabu hicho ndipo tunaposimama kuwahukumu vijana.

Wahenga walitufundisha kusema: kawia ufike. Maana yake, kuchelewa si jambo la kusifiwa, lakini kufika ndiko kunakotafutwa. Lango letu limeigeuza hekima hiyo. Linamwambia mtoto: ukikawia, usifike kabisa. Na mtoto si mjinga. Akishajua kwamba dakika tano za uchelewaji na siku nzima ya utoro vina adhabu moja, atatembea haraka kwa sababu gani? Akiona jua limepanda naye yungali mbali, atageuza njia mapema na kwenda sokoni. Hivyo ndivyo tunavyomfundisha mchelewaji kuwa mtoro.

Hatusemi haya kama watu walio nje. Sisi tunaoandika tulisomea ualimu, na kwa miaka kadhaa tulikabidhiwa nidhamu katika shule moja ambayo hatutaitaja. Ufunguo wa lango ulikuwa mfukoni mwetu. Tulisimama pale kila asubuhi, saa mkononi, nasi tuliona fahari kwamba hakuna aliyeweza kutubembeleza.

Kulikuwa na binti mmoja wa mwaka wa tatu wa humanite, kitengo cha ualimu. Alitaka kuwa mwalimu, na kwa akili yake angekuwa mwalimu mwema kuliko sisi. Alichelewa mara mbili, mara tatu kwa juma, siku zote dakika chache tu, siku zote akihema. Hatukumuuliza lolote. Sheria ni sheria. Katika robo ya pili alianza kukosa siku mbili mfululizo, kisha juma zima, kisha hatukumwona tena. Tukaandika neno moja mbele ya jina lake: ameacha.

Baada ya Pasaka tulikutana na mama yake mlangoni mwa kanisa, tukamlaumu kwamba amemwachisha mtoto shule. Mama yule alitutazama kama mtu asiyeelewa lugha. Alisema: «Bwana mwalimu, mbona kila asubuhi anavaa nguo ya shule na kutoka?» Ndipo mambo yakafunuliwa. Katika mtaa wao maji ya bomba yalitoka usiku wa manane hadi alfajiri tu, katika bomba moja la njia ya pili, na watu walipanga foleni. Binti ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, na madumu yalikuwa yake. Alipomaliza, akaosha wadogo zake, akapika uji, saa ya lango ilikuwa imekwisha pita. Kwa kuwa alifungiwa mara nyingi, aliona haya kurudi nyumbani na kumwambia mama yake kwamba amefukuzwa tena. Basi alikwenda kukaa sokoni, katika meza ya shangazi yake, mpaka saa sita na nusu, kisha akarudi nyumbani pamoja na wenzake waliotoka shuleni. Miezi miwili alivaa nguo ya shule kwenda kuuza nyanya.

Mwaka ule hakumaliza. Mama alimkasirikia binti. Sisi tulijua ni nani aliyestahili kukasirikiwa. Swali moja tu, lililoulizwa kwa upole pale langoni, lingetosha: mwanangu, unatoka wapi? Hatukuliuliza.

Tunajua mtakavyotujibu, maana majibu hayo tuliyatumia sisi wenyewe.

Mtasema: mkiwafungulia wachelewaji, wote watachelewa. Tunajibu kwamba kufungua lango si kuacha hesabu. Mchelewaji aingie, lakini jina lake liandikwe katika kitabu cha wachelewaji, pamoja na saa aliyofika na sababu aliyoitoa. Jioni, au mchana baada ya masomo, abaki kufagia darasa au kufanya zoezi alilolikosa. Mara ya tatu, mzazi aitwe. Adhabu ya namna hiyo inamtoa mtoto katika mchezo wake, haimtoi katika masomo yake. Nayo ni nzito kuliko mnavyodhani: waulizeni vijana wapendao mpira kama hawaiogopi.

Mtasema: kazini hakuna anayemngoja mfanyakazi, na mtoto ajifunze mapema kwamba ulimwengu haungoji. Ni kweli, ajifunze. Lakini shule ndipo mahali pa kujifunzia. Hospitali haimfukuzi mgonjwa kwa sababu ana homa, na kijana asiyejua bado kupanga saa zake ndiye hasa aliyetumwa kwetu. Tukimrudisha njiani, atajifunza wapi kupanga saa zake? Njiani?

Na kulikuwa na mzee mmoja, mkristu mwema, aliyesimama katika mkutano na kutukumbusha mfano wa wanawali kumi: wale watano waliochelewa walikuta mlango umefungwa, naye Bwana hakuwafungulia. Watu walipiga makofi. Nasi twauheshimu mfano huo, lakini tuusome wote. Wanawali wale walikosa mafuta kwa uzembe wao, hawakuwa wametumwa na mtu kuchota maji. Tena katika mfano huohuo, aliyekawia kwanza ni bwana arusi mwenyewe. Kama twataka kuuleta mfano huo shuleni, basi tuulize pia: saa moja na nusu, lango linapofungwa, walimu wote wako ndani? Na Bwana huyohuyo alitupa mfano mwingine, wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Aliyefika saa ya mwisho aliingizwa shambani, kwa maana mwenye shamba alimwuliza kwanza kwa nini amesimama bure siku nzima. Aliuliza. Sisi hatuulizi.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi, ambalo wengi hawapendi liandikwe. Ni kufukuzwa kwa watoto kwa sababu ya minervale.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na tangu mwezi wa tisa wa 2019 neno hilo lilianza kutimizwa katika shule za msingi. Lakini sekondari imebaki ya kulipwa. Tunajua ni kwa nini. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipopotea, ni wazazi waliowabeba walimu kwa feza zao, na pasipo wazazi hao shule nyingi zingefungwa. Mpaka leo wako walimu wanaofundisha bila kuwa katika orodha ya mishahara. Hatuwezi kuwaambia wafundishe kwa njaa. Anayesema shule ya sekondari iendeshwe bila feza za wazazi, wakati serikali haijachukua mahali pao, huyo hajakaa na mwalimu mwisho wa mwezi.

Lakini mwenye deni ni nani? Ni mzazi. Mtoto wa miaka kumi na tano hana mfuko. Hata hivyo, mtunza feza anaingia darasani katikati ya somo la hesabu, karatasi mkononi, anasoma majina kwa sauti, na waliotajwa wanainuka mbele ya wenzao na kutoka. Wanakwenda kumwambia nini mzazi ambaye ameijua habari hiyo tangu mwanzo wa mwezi? Mzazi hana, mtoto anakaa nyumbani siku tatu, siku nne. Na kwa kuwa siku za kufukuza zinajulikana, watoto wasiolipa hujificha wenyewe siku hizo kabla hawajaitwa, ili wasiaibishwe. Baadaye tunawaita watoro. Ndugu zetu, utoro huo tuliupanda sisi, tukaumwagilia, na sasa twalalamika juu ya mavuno.

Mwaka 1977, tarehe 26 ya mwezi wa pili, serikali na makanisa walitia sahihi mkataba uliorudisha kwa makanisa uongozi wa shule zilizokuwa zimechukuliwa na serikali mwaka 1974. Kanisa lilizipokea tena kwa furaha, na neno lililotolewa ni kwamba shule ya kikatoliki ina roho yake. Roho hiyo iko wapi, mtoto wa mjane anapotolewa darasani kwa jina lake? Wasalesiani walipofika Elisabethville mwaka 1911 walileta njia ya Mtakatifu Yohane Bosko, naye aliandika mwaka 1877 juu ya malezi ya kuzuia kosa, akiyaweka mbele ya malezi ya kungoja kosa ili kuliadhibu. Zaidi ya miaka mia imepita tangu njia hiyo ifike mjini mwetu, na sisi tungali tunangoja langoni.

Lakini tusiwabebeshe viongozi wa shule mzigo wote. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la 1965 juu ya malezi ya kikristu, ulitukumbusha kwamba walezi wa kwanza ni wazazi. Basi wazazi nao wasikie.

Tunamtuma mtoto maji, makala, kinu cha kusagia mahindi, kisha tunamwambia akimbie shule. Binti akiwa na mdogo anayeumwa, ni yeye abakiye nyumbani, wala si kaka yake. Msimu wa palizi ukifika, shamba nje ya mji linachukua siku zake. Kukiwa na kilio katika ukoo, hata kwa ndugu wa mbali, mtoto anakaa kiliono juma zima wakati wenzake wanafanya majaribio. Na tuseme lile linalouma: wapo kati yetu waliokosa feza ya minervale mwezi huohuo waliposhona vitenge vipya vya sikukuu. Tuliwaona. Huenda na sisi tumo. Mzazi wa namna hiyo asiinue kidole kumshtaki mtunza feza.

Walimu nao wasikie, maana tu wenzao. Mwalimu anayeingia darasani dakika ishirini baada ya kengele amekwisha kufundisha somo kubwa kuliko lile lililo katika kaye yake. Tunajua wengi wao wanatembea mwendo mrefu kama wanafunzi wao, na wengine wana shule mbili ili waishi. Basi wawe wa kwanza kumhurumia mchelewaji. Kitabu cha wachelewaji kikiwekwa, kiwe na kurasa mbili: moja ya wanafunzi, moja ya walimu.

Wanafunzi pia hawatapita bila neno. Wapo miongoni mwenu wasiotumwa maji wala kufukuzwa kwa feza, nao wanapita mbele ya lango na kwenda kukaa kivulini kutazama simu. Wapo wanaojua kwamba saa ya kwanza ya Jumanne ni ya fizikia, na Jumanne ndiyo siku wanayolala sana. Kwenu tunasema waziwazi: mtihani wa serikali hautauliza ni nani aliyekuwa na sababu. Saa ya kwanza mnayoiacha kila juma ni somo moja zima mnalolizika, na siku ya mtihani halitafufuka. Mkitetewa na sisi leo, tetewani mkiwa njiani kuelekea shuleni, si mkiwa kivulini.

Na sisi wa chama, je? Hapa ndipo tungependa kunyamaza, kwa hiyo hapa ndipo tusinyamaze. Nani huwaweka vijana katika mazoezi ya kwaya mpaka saa tatu za usiku, siku ya kazi, kwa sababu sikukuu ya parokia inakaribia? Nani huomba wanafunzi waruhusiwe asubuhi ili wapange mistari barabarani kumpokea mgeni mkubwa, juani, na bendera ndogo mkononi? Ni sisi. Kijana aliyeimba usiku mbele ya Mungu, asubuhi anafungiwa nje na mwalimu aliyesimama kwaya ileile. Tumelikubali jambo hilo kwa miaka bila kuliona.

Ndiyo sababu hatuishii katika kulalamika. Tumekubaliana, katika kundi letu, kuyapeleka mambo manne mbele ya parokia na mbele ya wakuu wa shule kabla ya robo ijayo kuanza.

La kwanza, lango lisifungwe juu ya mtoto aliyefika. Aandikwe, aulizwe, aingie, na adhabu yake ije baada ya masomo. La pili, mtoto asitolewe darasani saa za masomo kwa ajili ya feza. Aitwe mzazi, kwa barua, na apewe nafasi ya kulipa kidogo kidogo, naye aheshimu neno lake. La tatu, mazoezi na mikutano yote ya vijana siku za masomo imalizike saa kumi na mbili za jioni, hata kama Noeli iko karibu. La nne, kila shirika lichague wazee wawili, mwanamume na mwanamke, watakaojua ni watoto gani wa sekondari wanaoishi katika njia zao; wakimwona mmoja sokoni saa tatu za asubuhi akiwa amevaa nguo ya shule, wamsogelee bila ukali na kumwuliza swali lile ambalo sisi hatukuliuliza.

Mambo haya hayahitaji msaada kutoka Ulaya wala amri kutoka Kinshasa. Yanahitaji kaye moja, kalamu, na watu wazima wasioona haya kusema kwamba walikosea.

Maswali ya kutafakari katika mashirika:

Katika nyumba yetu, ni kazi gani ya asubuhi iliyo juu ya mtoto anayesoma, na ni nani mwingine angeweza kuichukua?

Katika njia yetu, ni mtoto gani aliyekuwa akisoma mwaka jana na leo hatumwoni tena na makaye? Ni nani kati yetu atakwenda kwao juma hili?

Kama lango la shule lingefungwa kesho saa moja na nusu juu ya wote wanaochelewa, wanafunzi, walimu, na sisi tunaokuja kwenye misa baada ya somo la kwanza, ni wangapi wangebaki ndani?